Mji Usiochinja

Kaka yangu aliponiambia kwamba anataka kwenda matembezi, nilimtazama miguu kwanza. Ilikuwa imepungua uvimbe, maana alikuwa ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu mchana ule, lakini alama ya soksi ilikuwa bado imeingia katika nyama kama uzi uliofungwa. Tulikuwa katika chumba cha nyumba ya wageni nyuma ya hospitali moja huko India, chumba chenye vitanda viwili, jiko dogo la umeme, na dirisha lililotazamana na ukuta. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mimi ndiye niliyekuwa nimekuja kumpa moja yangu.

"Matembezi ya wapi?" nikamuuliza.

"Kuna mji wa mahujaji wa Kihindu kando ya mto. Ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari. Wageni wangu wameusifu miaka na miaka. Wanasema ni mji wa amani, hakuna ulevi, hakuna ugomvi, hata kuku hachinjwi."

"Kaka, umetoka kwenye mashine leo."

"Ndiyo maana nikasema kesho. Siku ya pili yake ndiyo siku yangu nzuri."

Alisema hivyo huku akikunja shati lake la mistari, lile la kutokea, na nikajua kwamba hakuwa ananiomba ruhusa.

Kaka yangu alikuwa dereva wa hoteli moja Diani tangu alipokuwa kijana. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni Shimba Hills kuwaona ndovu na palahala, kuwapeleka Ukunda kununua leso, kuwapeleka katika msitu mtakatifu wa kaya na kuwaambia wavae kaniki, washushe sauti, na wasiokote hata jani. Wahindu wa Nairobi walikuwa wakimpenda sana. Walikuwa wakija na wazazi wao wazee, na hao wazee njiani walikuwa wakimsimulia miji ya kwao ya hija. Aliporudi nyumbani Msambweni alikuwa akitusimulia na sisi, kama mtu aliyefika. "Maisha yangu yote nimewatembeza watu," akaniambia usiku ule. "Mara moja na mimi nitembezwe."

Sikulala. Lakini sikuwa nalala tangu tulipofika, kwa hiyo hilo halikuwa jambo geni.

Mimi ni fundi wa kushona. Nashona mapazia na foronya za nyumba za wageni kule Diani, na sare za watoto wa madrasa. Mkasi ndio mkono wangu wa tatu. Hata hivyo, tangu siku daktari alipotuita ndugu wote na kutuambia kwamba damu yangu ndiyo iliyokubaliana na ya kaka, nilikuwa siwezi kusikia kitambaa kikichanika bila kujishika ubavu. Jirani mmoja aliniambia kwamba watu hufunguliwa kutoka mgongoni hadi kitovuni. Shangazi yangu wa Lunga Lunga akapiga simu kusema anamjua mtu aliyetoa figo, na yule aliyepewa akafa, na aliyetoa akawa hawezi kubeba hata ndoo. Mume wangu alikubali kwa kichwa, si kwa mdomo.  Na mama yangu, kila nilipopita karibu naye, alikuwa akinigusa ubavuni kwa kiganja, haraka, kama mtu anayepima kitambaa.

Na mimi nilikuwa nikimwambia kila mtu, "Siogopi. Ni kaka yangu." Nilikuwa nimelisema hilo mara nyingi hata nikachoka kujisikia. Pale hospitalini kulikuwa na kamati, watu waliopaswa kuniita peke yangu na kuniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Mpaka kamati iridhike, hakuna kisu. Tulikuwa tukiingoja, na nilikuwa sijui naomba waharakishe au wachelewe.

Asubuhi tukaondoka na teksi. Dereva alikuwa mzee mmoja mnene mwenye masharubu, aliyepiga honi kana kwamba anavuta pumzi. Malori yalitujia mbele kwa mbele na kupinda dakika ya mwisho. Mimi nilifumba macho na kusoma kila aya niliyoihifadhi tangu chuoni. Kaka yangu, kiti cha mbele, alikuwa akikanyaga breki ambayo haikuwapo.

"Huyu ningekuwa namfundisha mimi, angekuwa anaosha gari mpaka leo," akasema kwa Kiswahili, akimtabasamia mzee wa watu. Mzee naye akatabasamu, akapiga honi.

Nilikuwa na mkoba mapajani. Ndani yake niliweka dawa zake za presha, taulo ndogo, kadi ya hospitali, na mkate mkavu. Maji niliyapima katika chupa ya mtoto, maana alikuwa amewekewa kiwango cha kunywa kwa siku. Kuna vitu vingine alivyokatazwa kabisa: ndizi, nyanya nyingi, na madafu. Madafu ndiyo yaliyomuuma. Mtu aliyezaliwa Msambweni kuambiwa kwamba dafu linaweza kuusimamisha moyo wake! Daktari alituambia kwamba ndani ya dafu kuna chumvi ambayo figo ndizo huitoa mwilini, na asiye na figo chumvi ile humkaa mpaka moyo ushindwe kupiga. Nililishika hilo kama aya.

Gari lilituacha nje ya mji. Ndani tukaingia kwa miguu.

Sikuwa nimejiandaa kwa ukimya ule. Kulikuwa na watu wengi, wanaume wa nguo za rangi ya chungwa, wanawake wazee wa nguo nyeupe tupu, ng'ombe waliosimama katikati ya njia bila wa kuwafukuza, lakini watu walitembea peku na waliongea chini. Kengele ililia mahali, ikanyamaza, ikalia pengine. Maduka yaliuza maua ya manjano na taa ndogo za udongo. Sikusikia harufu ya nyama popote, wala mafuta ya samaki. Nyani wenye nyuso nyekundu walikaa juu ya kuta wakituangalia mikono, na kaka akaniambia niubane mkoba, ni wale wale wezi wa Diani wamebadilisha sura tu.

Wengine wangeona raha. Mimi ukimya ule ulinitia baridi. Kule nyuma ya hospitali honi zilikuwa haziishi usiku na mchana, na nadhani zilikuwa zimenisaidia bila mimi kujua. Hapa hakukuwa na cha kuifunika hofu. Niliusikia moyo wangu masikioni. Niliwasikia wanangu wawili niliowaacha kwa mama, mdogo akiuliza nitarudi lini. Nikawaza: nikifa huku, nani atajua kuniosha? Nani atanielekeza kibla? Nikajaribu kukisia kibla kiko upande gani, jua likanichanganya, nikaogopa zaidi.

Halafu watu walikuwa wakitutazama. Hawakuwa wabaya. Walisimama tu wakatazama, kama tulivyokuwa tukiwatazama Wazungu tulipokuwa wadogo. Msichana mmoja akaomba kupiga picha na mimi, kisha mama yake, kisha mwingine. Nilisimama baina yao nimekaza uso. Sijui picha zile ziko wapi leo, lakini kama zipo, ni picha za mwanamke aliyeshikwa na homa.

"Kaka, hekaluni siingii," nikamwambia.

"Nani amekuambia uingie? Sisi Waislamu tumekuja kuuona mto. Mto ni wa Mungu."

Akavua viatu, akavishika mkononi. Alitembea taratibu, ameinamisha kichwa kidogo, akaliacha ua lililoanguka njiani bila kulikanyaga wala kuliokota. Ndivyo alivyokuwa akiwaagiza wageni wake wafanye katika kaya. Nikavua na mimi.

Tulipofika karibu na mto tukapishwa pembeni. Wanaume walikuwa wakipita wamebeba jeneza la mianzi, maiti juu yake amefunikwa nguo ya kung'aa na maua, uso uko wazi. Walikuwa wakiimba neno moja moja, bila kilio. Wakashuka nalo kuelekea mahali palipopangwa kuni za kumchomea. Nilisema innalillahi kimoyomoyo, na mara ile ile nikashtuka, nikahisi kama nimemsomea kaka yangu. Nikamgeukia. Alikuwa bado yupo, amesimama, viatu mkononi. Lakini midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Tukae," nikasema.

"Tushuke kwanza, kuna kivuli kule chini."

Zilikuwa ngazi pana za mawe zinazoingia majini. Jua lilikuwa limezichoma hata nyayo zikawa zinaruka. Hatukuwa tumefika mbali aliponishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito, kisha ukawa mzito sana, kisha nikaona anakaa, ila hakuwa anakaa, alikuwa anaanguka. Kichwa nilikidaka mimi kwa mapaja yangu. Viatu vyake vikateremka ngazi kimoja baada ya kingine.

Nilimwita. Macho yalikuwa wazi nusu. Jasho lake lilikuwa baridi, baridi kabisa katika jua lile.

Ninachokumbuka ni miguu. Miguu peku ya watu ikituzunguka, yenye vumbi na bangili. Walisema maneno nisiyoyaelewa, kwa upole, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Mzee wa teksi alikuwa amebaki na gari lake nje ya mji. Nilisema kwa Kiingereza, "Hospitali, figo, figo," lakini Kiingereza changu kilikuwa kimeniacha, nikajikuta nasema kwa Kidigo, kisha kwa Kiswahili, "Jamani nisaidieni, ni mgonjwa huyu!"

Nao wakanisaidia. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mwanamume mmoja alikuja mbio kutoka juu na dafu mkononi, limekatwa kichwa, limetiwa mrija. Dafu bichi, kama yale ya kwetu. Akapiga magoti na kumwekea kaka mrija mdomoni.

Na kaka yangu akafungua mdomo.

Nililipiga lile dafu kwa mkono. Likaruka, likapasuka juu ya ngazi, maji yakatiririka mpaka kwenye miguu ya watu.  Yule mwanamume alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Mwanamke mmoja akasema kitu kwa ukali, mwingine akaitikia. Nilielewa wanachokiona: mtu anazimia kwa kiu na jua, na mwanamke wake anamnyima maji, tena anamwaga kitu cha sadaka mahali patakatifu. Mji mzima hauumizi hata kuku, na mimi nimeinua mkono.

"Hapana," nilikuwa nikisema. "Hapana, hapana. Dafu litamuua." Nikaukumbatia uso wake wote kwa mikono yangu ili asije mwingine. Nilidhani watanivuta. Walikuwa wamesogea karibu sana.

Mwanamke mzee, mmoja wa wale wa nguo nyeupe, akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa amenyolewa kichwa, mwembamba, meno machache. Nilijua baadaye kwamba ni wajane, huja kuishi katika mji ule wakingoja kufa kwao karibu na mto. Naye alikuwa na maji katika kopo la shaba. Akalinyoosha. Nikatikisa kichwa, machozi yananitoka, na kwa kuwa sikuwa na neno lolote lililobaki, niliupandisha mkono wa shati la kaka yangu.

Pale mkononi, chini ya kiwiko, madaktari walikuwa wameuunganisha mshipa na mshipa ili mashine ipate njia. Umeinuka kama kamba chini ya ngozi, na una alama za sindano, nyingi, mstari mzima. Ukiugusa, unanguruma kama paka aliyelala. Niliushika mkono wa yule mama na kuuweka juu yake.

Akatulia. Nilimwona akisikiliza kwa vidole. Kisha akanitazama, akagusa ubavu wake mwenyewe, huku na huku, akiuliza. Nikasema ndiyo kwa kichwa. Akageuka na kuwaambia watu maneno machache, na wale watu wakarudi nyuma wote, hata yule wa dafu, aliyeweka viganja pamoja akaniinamia. Sikuwa na mkono wa kumrudishia. Yule mama akachovya pembe ya nguo yake katika kopo, akaikamua, akampangusa kaka paji la uso, kisha shingo, kisha midomo, taratibu sana, pasipo tone kuingia ndani. Wanaume wawili wakaishika miguu yake wakainyanyua juu ya ngazi. Damu ikarudi usoni. Akasema, "Viatu vyangu viko wapi?"

Nililia kwa sauti mbele ya watu wale wote.

Walitubeba, kwa kweli walimbeba yeye na mimi nikafuata, mpaka baraza ya nyumba ya wale wajane, mahali penye kivuli na mkeka. Mtu alileta viatu. Yule mama alikaa mlangoni akimkemea kila aliyetaka kuingia kutazama. Nilimpima kaka mapigo kwa kidole kama nilivyofundishwa, nikampa kifuniko kimoja cha maji kutoka chupa yangu, na kipande cha mkate. Presha ilikuwa imemshuka tu, kwa jua na kwa mashine ya jana. 

Alipopata nguvu alisema, macho yake juu ya dari, "Sikukuleta huku kwa ajili ya mto."

"Najua. Umekuja kutembezwa."

"Hata hilo ni nusu. Mdogo wangu, pale hospitalini kuta zina masikio, na nyumbani mama anasikiliza kila simu. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayetujua, nikuulize. Unaogopa?"

Nilikuwa na jibu langu, lile la kila siku. Lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimelia mbele ya mji mzima, na lingekuwa jambo la kuchekesha.

"Naogopa sana, kaka," nikasema. "Naogopa kukatwa. Naogopa kulala nisiamke, watoto wangu wabaki. Naogopa nikupe halafu ikatae, niwe nimekatwa bure na wewe ufe. Kila usiku naogopa."

 Nilidhani nimemvunja.

"Basi sikiliza," akasema. "Ukiitwa na kamati, waambie hutaki. Hawatauliza kwa nini. Nitawaambia nyumbani kwamba damu zilipopimwa tena hazikulingana. Hakuna atakayejua mpaka tunaingia kaburini. Wallahi sitakuwa na kinyongo nawe hata kidogo."

"Na wewe?"

"Mimi nitarudi kwenye mashine, kama nilivyo."

"Wewe huogopi?"

Hapo akageuza uso ukutani. Mabega yake yalianza kutikisika. Mtu huyu alikuwa amekutana na ndovu njiani akazima gari na kuwaambia wageni hadithi mpaka ndovu akapita. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pale kwenye ngazi alipoona mrija wa dafu mbele ya macho yake alijua ni kifo, alijua vizuri kabisa, na alifungua mdomo kwa sababu alikuwa amechoka kuogopa.

Niliushika mguu wake, ndio uliokuwa karibu.  Sikumwahidi kitu. Ningependa kuandika kwamba pale barazani nilipata ujasiri, lakini haikuwa hivyo. Nilichokipata ni kwamba nilikuwa nimesema, na yeye alikuwa amesema, na tulikuwa watu wawili waoga badala ya mmoja mmoja.

Tulipoondoka nilitaka kumpa yule mama chochote. Alikataa kwa mkono. Nikatoa mtandio wangu wa akiba mkobani, ule niliojishonea pindo, nikampa. Aliunusa, akacheka, akajifunga kichwani palipo upara. Akaniwekea kiganja utosini na kusema maneno. Nilisema amina. Sijui kama ilifaa, lakini ndilo neno nililokuwa nalo.

Kamati iliniita siku chache baadaye. Walikuwa watu watatu na mkalimani. Waliuliza kama nimelazimishwa, nikasema la. Waliuliza kama naogopa, nikasema ndiyo, na mmoja wao, mwanamke, akainua kichwa akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hata hivyo unataka kuendelea?" Nikasema nataka. Sauti yangu ilitetemeka na sikuifunika.

Nilipelekwa chumba cha upasuaji nikiwa natetemeka hata muuguzi akanitupia blanketi la pili, akidhani ni baridi. Nilianza kusoma Ayatul Kursi na sikuifikisha nusu. Nilipoamka nilisikia maumivu, na nikayafurahia, maana maiti haumwi. Chumba cha pili kaka yangu alikuwa ameanza kukojoa. Madaktari walikuwa wakiutazama mfuko wa mkojo ule kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Ni miaka michache sasa. Kovu langu liko ubavuni, refu kuliko nilivyotarajia na fupi kuliko alivyosema jirani. Nabeba ndoo. Kaka amerudi kazini, safari fupi fupi tu, na kila siku anameza vidonge vinavyouzuia mwili wake usiitambue figo yangu kuwa ni mgeni. Vidonge hivyo humwacha bila kinga, kwa hiyo kikohozi cha mtu mwingine kwake ni jambo la kuogopa.

Mwezi uliopita homa ilimpanda ghafla. Tulimpeleka hospitalini Msambweni mchana wa jua kali, mama yuko kiti cha nyuma anashika kichwa chake, mimi nauliza kila baada ya dakika kama bado anazungumza. Daktari alimchukua ndani, mlango ukafungwa. Nilikaa juu ya benchi baina ya mwanamke mwenye watoto pacha na mzee mwenye mguu uliofungwa, na hofu ikaja yote, ile ile, haikupungua kwa kuwa naijua. Mama alinong'ona, "Mwanangu, itakuwaje?"

Zamani ningemwambia hakuna neno. "Sijui, mama," nikasema. "Naogopa."

Akasogea, akanishika mkono, tukaungoja mlango ule pamoja. Daktari alipotoka alisema ni malaria, wameiwahi, atalala pale siku mbili tatu wamwangalie. Mama aliinuka mara moja kwenda kumwona. Mimi niliendelea kukaa juu ya benchi, nimejishika ubavuni penye kovu.